SWR yangu ilikuwa tamu, kumbe kebo imekunywa maji

Wacha nianze na aibu yangu. Hobi yangu ni redio ya ham, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa mawimbi ya redio. Niko na dipoli ya waya, yaani antena yenye mikono miwili, ya bendi ya mita 20 (masafa ya kama 14 MHz) juu ya paa la ploti yetu hapa Donholm, ghorofa ya tano, katikati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Kitu rahisi tu, waya wa kama mita 10 uliokatwa katikati, kebo ya RG-58 (waya wa katikati uliozungukwa na msuko wa shaba, kama ile ya TV) inashuka mpaka kwa dirisha la chumba cha kulala, redio iko kwa meza kando ya kitanda. Ilifanya kazi poa sana mwaka wa kwanza. Jioni jioni nilikuwa napata stesheni za Afrika Kusini na Ulaya bila jasho, naita mara mbili najibiwa.

Mwaka wa pili mvua ya Machi mpaka Mei ikaja ikaenda, na baada ya hapo nikaona naita naita hakuna anayeniskia. Nikasema ni hali ya anga, si jua huwa na miaka yake mizuri na mibaya. Na kitu kilichonifanya nisishuku antena hata kidogo ni kwamba SWR, ile namba inayoonyesha ni nguvu kiasi gani inagonga antena na kurudi kwa redio (1 ndo bora), ilikuwa safi ajabu. Zamani ilikuwa 1.3 pale 14.2 MHz halafu inapanda ukienda kando, sasa ilikuwa 1.2 bendi yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata nikitoka nje ya bendi bado iko chini! Nikajisifu kwa wenzangu eti antena imezoea mahali, imetulia. Miezi mitatu mizima najisifu.

Mzee mmoja ambaye amekuwa kwa hii hobi tangu mimi nikiwa shule ya msingi akaniskiza mpaka nikamaliza, halafu akaniambia, "Kijana, hio si antena tena, hio ni birika. Unachemsha maji." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipopanda kukata kebo karibu na konekta, ndani waya zile za msuko zilikuwa nyeusi tititi, zingine kijani, na nikiikunja maji yanatoka. Maji! Kwa kebo! Nikakata nusu mita, bado nyeusi. Nikakata mita moja ingine, bado. Nikaishia kutupa yote.

Sasa elewa venye inatokea, kwa sababu hapa ndo watu wengi tunakosea. Ile konekta ya PL-259, ile ya kukaza inayoshikanisha kebo na antena, haikutengenezwa kuzuia maji, hata kidogo, ata ikiwa imekazwa na koleo. Maji yakipata kaupenyo pale juu, zile nyuzi za msuko wa shaba zinayafyonza kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta, yanashuka polepole ndani ya ganda la kebo, na huko ndani hakuna jua wala upepo wa kuyakausha, kwa hivyo yanakaa na shaba inaoza. Kebo iliyooza inakula nguvu ya redio na kuigeuza joto. Ukituma wati 100 pengine zinafika 40 kwa antena, zile zinazorudi nazo zinaliwa tena njiani zikirudi, kwa hivyo mita yako pale mezani haioni kitu kinarudi na inakuambia SWR ni nzuri. Yaani mita haidanganyi, ni wewe unaisoma vibaya. SWR inayozidi kuwa nzuri bila wewe kugusa kitu si baraka, ni ugonjwa.

Kuna kipimo kimoja mzee alinionyesha na siku hizi siachi kukifanya. Unapanda juu unachomoa antena kabisa, unaacha mwisho wa kebo ukiwa wazi, haujashikana na kitu. Unarudi chini unapima SWR ya hio kebo tupu na NanoVNA, kamashine kadogo ka kupima antena, au analaiza yoyote (usipime kwa kutuma nguvu na redio, utaichoma). Kebo nzima inatakiwa ikupe SWR mbaya sana, kwa sababu kila kitu unachotuma kinagonga mwisho na kurudi. RG-58 mpya ya urefu wa mita 20 pale 14 MHz utaona kama 8 hivi. Ukiona 3, ujue nusu ya nguvu yako inafia njiani. Yangu ilisoma chini ya 3. Mimi huyo niliyekuwa najisifu.

Kwa hivyo kuziba konekta ndo kazi kubwa kuliko zote, na mimi nilikuwa nimefunga tepu nyeusi ya stima raundi mbili nikaona nimemaliza. Ile tepu jua la Nairobi linaimaliza gundi ndani ya miezi, inaanza kufunguka kama ganda la ndizi. Siku hizi nafanya hivi: kwanza nakaza konekta, halafu nafunga tepu ya mpira ile isiyo na gundi, inayojishika yenyewe ukiivuta. Lazima uivute kweli mpaka ikaribie kuwa mara mbili ya urefu wake, usipoivuta haishikani. Unaanzia chini kwa kebo unapanda juu, kila raundi inalalia nusu ya ile iliyotangulia, kwa sababu ukimaliza kwa kwenda juu zile pindo zinakaa kama mabati kwa paa, la juu linalalia la chini, maji yanateleza. Ukishuka badala ya kupanda umetengeneza vikombe vya kukinga maji. Halafu juu yake ndo sasa unaweka tepu ya stima, ile nzuri, si ile ya shilingi chache ya kibandani, ya kuukinga mpira na jua. Na ile raundi ya mwisho usiivute, ilaze tu pole pole ukate na kisu, ukiivuta kesho itakuwa imejifungua.

Silikoni pia watu wanatumia, lakini inuse kwanza. Kama inanuka siki, weka mbali na shaba, hio asidi yake inakula shaba huku wewe ukidhani umeikinga. Kuna zingine hazinuki hivyo, hizo sawa.

Na kabla kebo iingie dirishani, iache ishuke chini kidogo ya dirisha halafu ndo ipande iingie, maji yadondokee pale kwa kona badala ya kuja kulala na wewe kitandani. Nimelala na hayo maji, najua.

Sasa jua. Watu wakisikia Nairobi ni baridi wanasahau tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na ikweta iko hapo tu, mionzi yake haina huruma kwa plastiki hata siku za mawingu. Nilifunga antena mara ya kwanza na kamba ya plastiki ya bluu, ile ya kuanikia nguo. Baada ya kama mwaka na nusu nikaishika ikawa inatoa unga kwa mkono, nyuzi zinavunjika kama nyasi kavu. Zile zip tai nyeupe ni hivyo hivyo, zinakatika zenyewe tu usiku, tak. Nyeusi zinavumilia zaidi kwa sababu ya ule weusi wa kaboni unaozuia mionzi, lakini uliza zile za nje, si kila nyeusi ni ya nje. Kamba tafuta poliesta nyeusi iliyosukwa, haivutiki sana ikilowa na jua haliili haraka. Yangu sasa inaingia mwaka wa nne na bado inateleza mkononi vizuri. Insuleta za mwisho, vile vishikio visivyopitisha stima kwa ncha za waya, nimekata kwa bomba la maji jeusi, lile la kuzikwa shambani. Bomba jeupe la waya za stima nilijaribu, likapauka na kupasuka.

Kama unafunga kwa mti, na najua walio Karen na huko Kiambu mna mikaratusi na migrevilia mirefu tunawaonea wivu, usifunge waya moja kwa moja kwa tawi. Mti unacheza. Upepo ukija mti unaenda upande mmoja na nyumba haiendi, kwa hivyo kitu cha kukatika ni waya. Weka puli pale juu, kamba ipite, na huku chini uning'inize mtungi wa lita 5 uliojaa mchanga kiasi, mti ukiyumba mtungi unapanda na kushuka na waya unabaki na mkazo ule ule. Kamba nayo isizungushwe kwa tawi ikakaza, mti utaimeza.

Waya wenyewe hukatikia wapi? Karibu kila mara ni pale katikati ulipochomelea na solda. Solda inapanda ndani ya nyuzi inazifanya ngumu, na pale ugumu unapoisha na ulaini kuanza ndo upepo unapakunja mara elfu mpaka paachie. Dawa ni waya ubebwe na insuleta kwanza, uzungushwe ufungwe pale, halafu kipande kinachoenda kwa solda kiwe kimelegea, hakivutwi na kitu chochote. Waya laini wa shaba pia unavutika kwa uzito. Wangu ulirefuka sentimita 10 hivi, ukiskia utasema ni kidogo, lakini hio ni asilimia moja, inatosha kushusha ile sehemu nzuri kutoka 14.2 mpaka karibu 14.06. Nikaukata tena.

Siku hizi natumia waya wenye ganda jeusi. Kwanza shaba haipati kutu ya kijani, pili hauonekani sana kutoka chini, na hio ya pili si kitu kidogo, mnakumbuka Januari 2022 serikali ilivyosimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo kubwa za stima kuharibiwa. Shaba inayong'aa kwa paa ni kama unga wa bure. Ukitumia waya wa ganda ukate mfupi kidogo, asilimia 2 mpaka 5, ganda linaifanya antena ijione ndefu. Anza mrefu upunguze, usianze mfupi.

Walio na Yagi za alumini, zile antena za mirija zinazoelekezwa upande mmoja, mimi sina ya kwangu lakini nimesaidia kushusha moja, kazi ilikuwa ya kutwa nzima kwa sababu bolti za chuma cha kawaida zilikuwa zimeoza zikashikana na mirija. Tumia stenlesi, paka grisi ya kuzuia kushikana, na usiwahi kugusanisha shaba na alumini moja kwa moja kwa mvua, alumini ndo inaliwa. Weka washa ya stenlesi katikati.

Majirani ni sehemu ya mazingira pia, haki. Kuna asubuhi nilipata blanketi, tena lile zito, limeanikwa kwa mkono mmoja wa dipoli yangu likidondosha maji. Nikamuuliza keyateka, msimamizi wa ploti, akasema, "Baba Junior, si ni kamba tu?" Nimeinua ncha zote mbili juu ya urefu wa mtu aliyeinua mikono, na si kwa sababu ya blanketi peke yake, ncha za dipoli ndo huwa na volti nyingi ukituma na zinaweza kuchoma kidole cha mtoto. Na mbali na nyaya za stima, mbali sana, kiasi kwamba ata antena ianguke upande gani haiwezi kuzifikia. Hilo halina mjadala.

Ratiba yangu ni mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, kabla ya mvua zote mbili. Navuta kila kamba kwa mkono, naangalia tepu, nafanya kile kipimo cha kebo wazi, naandika namba kwa daftari na tarehe. Bila namba za siku antena ilikuwa mpya hauna cha kulinganisha, utaishia kama mimi kushangilia birika.

Na radi. Kebo yangu haikai kwa redio kama situmii, nachomoa na mwisho wake nauweka nje ya dirisha, mbali na pazia. Kuiunganisha na ardhi vizuri kwa ghorofa ya tano ni kazi ya fundi wa stima anayejua, si ya mimi na waya kwa bomba la maji. Ikishaanza kunguruma usiguse hio kebo tena, umechelewa, wacha iwe. Kwa hivyo mawingu yakianza tu kuwa meusi nachomoa kwanza, halafu ndo nakimbia juu kuanua nguo.