Kijana uliyeniuliza kuhusu kazi ya kuokoa watu baharini, jibu lako hili

Wiki iliyopita kuna kijana wa Kilifi kanitumia meseji, "Shikamoo mzee, mimi naogelea kama samaki, mawimbi ya kusi nayapanda kwa kifua bila ubao, naitaka kazi kama yako, nianzie wapi?" Marahaba mwanangu. Nilianza kukujibu kwa simu nikaona inakuwa ndefu, na najua mko wengi mnaoitaka kazi hii, basi wacha niimwage yote hapa.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Sehemu kubwa ya pwani yetu mawimbi yanavunjikia mbali kwenye mwamba, lakini pale ghubani kwetu pako wazi, kwa hivyo upepo wa kusi ukishika, mwezi wa saba, wa nane, wimbi linafika ufuoni na nguvu zake zote. Tukitoka chuoni tulikuwa tunavua kanzu tunaziwekea mawe zisipeperuke halafu mbio majini. Ubao hatuna, mwili ndio ubao. Unangoja wimbi lianze kusimama nyuma yako, unapiga miguu kama unafukuzwa, likikuinua tu unanyoosha mkono mmoja mbele, unakaza tumbo, na unalikata kwa ubavu, usiende nalo moja kwa moja, maana anayeenda nalo moja kwa moja hubwagwa kichwa chini mchangani na shingo haina spea. Ni sekunde chache tu lakini wallahi hakuna raha kama ile, mpaka leo na mvi zangu bado naingia.

Sasa sikiliza hapa. Ukishafika ufuoni unarudi vipi kule nyuma ya mawimbi? Hatukuwa tunapigana nayo, utachoka mara moja. Tulikuwa na njia yetu, mahali maji yanapotokea kurudi baharini, unajilaza tu mkondo unakupeleka wenyewe. Maji yote yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, na yakirudi yanachimba mfereji mchangani yanapita hapo. Ukisimama juu ya mchanga unauona, rangi imekolea kidogo, mapovu na takataka zinaenda nje badala ya kuja, na mawimbi hapo hayavunjiki. Yaani panaonekana pametulia. Na mgeni kutoka bara akifika na watoto wake anaangalia huku mawimbi yanapiga, kule kumetulia, anachagua wapi? Palepale. Njia yetu ya mchezo ndiyo inayowabeba wao.

Hilo nililijua kabla sijafundishwa na mtu yeyote, na ndilo lililonipatia kazi kwenye hoteli moja mwaka 1993. Miaka mingi hapo kati ni kukaa juani na kupuliza filimbi, siwachoshi nayo.

Ila kuna siku moja lazima niiseme. Nilikuwa kijana, nina mbio, najivunia. Ndugu wawili walichukuliwa na mkondo, mdogo alikuwa anapiga kelele, mkubwa kanyamaza. Nikaacha boya kwenye kiti kwa sababu niliona litanichelewesha, nikaenda kwa yule anayepiga kelele. Nilipomfikia akanipanda mabegani akanizamisha, mtu anayezama hakujui, anajua kitu cha kushika tu. Ikabidi nizame makusudi ndio aniachie, nikamshika kwa nyuma nikamtoa. Kugeuka kumtafuta mkubwa, hayupo. Tulipompata watu wakamshika miguu wakamning'iniza eti maji yatoke, na mimi bila ya pumzi nikawaacha wafanye. Hakuamka. Mama yao alikuwa ameshika viatu vyao jozi mbili, anavipangusa mchanga, anavipangusa, hasemi kitu. Mimi kila kusi ikianza naviona vile viatu.

Kwa hivyo ukiniambia unaogelea kama samaki, ni vizuri, lakini usinikimbilie na hilo. Anayezama kikweli hapungi mkono wala haiti, hawezi, mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, amesimama wima kama anayepanda ngazi, na ana dakika moja au hata chini ya hapo. Anayepiga kelele bado ana pumzi. Mtazame aliyenyamaza.

Na boya, boya, boya. Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa Olimpiki, mwaka 1925 mashua ilipinduka kule California akaokoa watu 8 peke yake, na alikwenda na ubao wake, akarudi nao tena na tena. Bingwa wa dunia hakwenda mikono mitupu, wewe ni nani? Hata jerikeni tupu lililofungwa kifuniko ni bora kuliko kifua chako.

Ukimtoa hapumui usimning'inize wala usimkamue tumbo, unapoteza muda. Mlaze chali, mpulizie hewa kwanza mara 5, halafu kandamiza kifua 30, pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kajifunze hilo kwa mwalimu kabla hujajifunza kitu kingine. Na wewe mwenyewe ukichukuliwa usishindane na mkondo, elea, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye ule mfereji.

Usitarajie shukrani pia. Mwaka mmoja niliwatoa baba na binti yake, wakaandikia hoteli barua nzuri, ikatiwa fremu pale mapokezi, jina langu halimo, na mwezi uleule nikakatwa mshahara kwa kuchelewa shifti. Inaniuma bado, sifichi. Lakini vijana wa sasa mnataka picha kwanza, mnasimama juu ya kiti na miwani mnapigwa picha mgongo umeelekea baharini, na hilo mimi siwezi kulivumilia, ukipewa bahari uso wako uwe baharini, simu iache nyumbani, tende na maji kula hukuhuku unatazama.

Njoo Malindi mwezi wa nane, siku za bamvua, zile bahari inazojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakianza kupwa. Kaptula ya kuogelea iache, siku ya kwanza hatuingii, tutakaa juu ya mchanga mimi na wewe na utanionyesha mfereji uko wapi.