Barua kwa mwanangu Rehema: usiniulize upunguze nini

Mwanangu Rehema,

Voisi yako nimeisikiliza, jana baada ya taarifa ya habari nikaisikiliza tena, nikaona nikikujibu kwa voisi nitasahau nusu, bora niandike hata kama vidole vyangu kwenye hii simu vinachelewa. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, wewe na baba Ilham mna mishahara miwili lakini ikifika tarehe 15 mko weupe, sisi na baba yako tuliwezaje na mmoja, na sasa upunguze nini: king'amuzi, bando la intaneti, gesi au dada wa kazi. La pili, muuze gari au msiuze.

La gari naliweka pembeni kwanza, hilo ni la mume na mke.

Hili la kupunguza nini, mwanangu, mimi siangalii unanunua nini, naangalia unanunuaje. Nilipokuja Kimara kipindi kile Ilham anaumwa nilikuwa nakaa pale sebuleni natazama tu. Asubuhi dada katumwa kwa Mangi, mafuta ya kupima, sukari robo, kipande cha sabuni. Saa tano katoka tena, nyanya fungu moja na kitunguu kimoja, kimoja Rehema! Jioni unga nusu na kiberiti. Na kila safari wewe uko kazini unamtumia kwenye simu elfu tatu, elfu nne, anaenda kwa wakala kutoa, na kila akitoa anakatwa. Makato ya kutoa elfu tano mara nne ni makubwa kuliko ya kutoa elfu ishirini mara moja, piga mwenyewe hesabu. Mimi ilipokuja ile tozo ya miamala mwaka 2021 watu wakalalamika weee, na kweli iliuma mpaka ikabidi waipunguze, mimi toka siku hiyo nikajifunza kutoa mara moja tu, hela naiweka ndani, basi.

Kupima kunamaliza nyumba. Nimekuambia toka uko sekondari na nitakuambia mpaka nizikwe. Yule mwenye duka mafuta ananunua ndoo ya lita 20 halafu anakuuzia kwa kikombe kidogo, sasa kila kikombe kina faida yake, na anayelipa hiyo faida ni yule asiye na hela ya lita nzima. Ndo maana maskini anakula ghali kuliko tajiri. Mkaa hivohivo, anayenunua kopo kila siku akijumlisha mwisho wa mwezi gunia limepita na hajaliona. Kwa asiye nayo simlaumu, atafanyaje, hela ya siku inapatikana siku hiyohiyo. Lakini wewe una mshahara unaingia kwa mwezi, kwa nini unaishi kama mtu wa kibarua cha siku?

Najua utaniambia mama, kununua kwa jumla nako kunamaliza, kitu kikiwa kingi kinaliwa kingi. Ni kweli, sibishi. Watoto wakiona sukari imejaa kopo wanachota, hata baba yako Mungu amrehemu nyama ikiwa nyingi alikuwa hatosheki na vipande viwili. Lakini dawa yake si kurudi kwenye robo robo. Dawa yake ni vyombo viwili, cha stoo na cha jikoni, cha jikoni kinajazwa Jumapili na cha stoo kinafungwa, na ufunguo unakaa na wewe hata kama dada ni mwaminifu kiasi gani, maana ufunguo ukikaa na wewe hata yeye anapona na maneno.

Vitu vidogo nitakutajia haraka maana unavijua, umekua navyo. Maharage loweka usiku, yanaiva upesi, gesi inapona, na chemsha kilo nzima siku moja ugawe kwenye makopo uweke friza. Nguo za wiki zima piga pasi siku moja, pasi inakula umeme inapopata moto, sasa nyie mnaiwasha kila asubuhi kwa shati moja la baba Ilham. Mimi hapa niko kwenye ile tarifu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, nailinda kama mboni ya jicho, maana ukivuka hapo bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Mchele nunua katikati ya mwaka mavuno yakitoka, usisubiri Januari kila mtu ana shida na ada. Ule mpya kabisa unashikana kwenye sufuria, upunguzie maji, ukikaa kidogo ndo unachambuka vizuri.

Dada wa kazi usimguse. Ukimtoa yeye utamlipa mtu mwingine kukulelea mtoto, na utakula vya kununua jioni kwa kuchoka. Hilo nimelimaliza.

Umeniuliza tuliwezaje. Watu wanadhani tuliweza kwa sababu ya zile shida za zamani, kwamba tulizoea. Hapana. Mimi ni binti mdogo Mwalimu alivyotuambia baada ya vita vya Uganda, 1979 hiyo, tufunge mikanda miezi 18, na miezi ikaisha mkanda haukulegea, tukaja kufulia kwa majani ya mpapai sabuni hakuna, tukala ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, tukapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Kule kulikuwa kukosa. Kukosa hakumfundishi mtu kutunza, wengine kuliwafundisha kuficha tu. Mimi kutunza nimejifunzia Temeke mwaka wa El Nino, na wewe ulikuwepo, sijui kama unakumbuka, nimekuwa naogopa kukuuliza.

Mvua zilianza mwishoni mwa 1997 zikaendelea mpaka mwaka uliofuata, barabara zimekatika, vyakula vikapanda, na baba yako kiwandani kwao mshahara wa Novemba wakaja kuwalipa Februari. Tunakaa kile chumba chetu cha uani kwenye nyumba ya bibi Mwanahamisi, vyumba sita, choo kimoja. Tukawa tunakopa duka la kona. Leo mafuta, kesho mkate, keshokutwa sukari, vyote vya kupima, na yule mwenye duka anaandika kwenye kaunta buku lake. Watu wanasema haba na haba hujaza kibaba, na deni nalo linajaa hivohivo, tena haraka zaidi.

Siku hiyo nimekwenda na wewe, umeshika kile kichupa cha mafuta, umefunga kamba kwenye shingo yake ukawa unakizungusha. Duka limejaa watu, mvua imewasukuma wote chini ya bati. Nikasema naomba mafuta ya mia. Yule baba hakunijibu, akavuta daftari, akalamba kidole, akafungua, akaanza kusoma. Kwa sauti. Mama Rehema, mafuta mia. Mama Rehema, sukari robo. Mama Rehema, mkate. Kiberiti. Chumvi. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma wa pili, mpaka pedi alisoma Rehema, mbele za wanaume. Akamalizia na jumla, elfu kumi na moja na mia nne. Watu wamenyamaza, na yule mama wa nyumba ya pili akacheka puani. Na wewe ukasema, mama, mbona hatupi mafuta?

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku nikatoa doti yangu ya kanga ya harusi, ile nyekundu aliyonipa bibi yako mzaa baba, haijawahi kuguswa maji. Nikamuuzia huyohuyo mama wa nyumba ya pili aliyecheka, maana ndo alikuwa na hela. Deni nikaenda kulilipa usiku huohuo. Na yeye Ijumaa akaivaa, akapita nayo mbele ya kibaraza chetu anaenda msibani. Mpaka leo nikiona kanga ya rangi ile pale Tandika nageuka, na yule mama alishafariki, nilikwenda kumzika, nimemsamehe. Nafikiri nimemsamehe.

Sasa ndo nikuambie tuliwezaje. Mama Sele wa chumba cha mbele aliniona nalia pale kisimani, hakuniuliza kitu, jioni akaja na kopo la maziwa ya unga tupu, katoboa mfuniko kwa kisu. Akasema tuko wanawake wanne hapa uani, kila mmoja anapopewa hela ya mboga atoe kidogo atie humu, hata ya kiberiti, na kopo likae kwa bibi Mwanahamisi maana yeye hana mtoto wa kumwonea huruma. Tukafanya. Siku nyingine tulikula mchicha wenyewe kwa chumvi, mboga haina hata nazi, waume zetu wananuna. Mshahara wa baba yako ulivyotoka tukalivunja, baba yako na baba Sele wakaenda Tandale, wakarudi na mkokoteni na gunia la mchele.

Rehema, ile siku! Tulitandika mikeka uani, tukamwaga, tukagawana kwa pishi, bibi Mwanahamisi amekaa kwenye kigoda anahesabu, kila pishi anaifuta juu kwa kiganja isizidi kwa mtu, halafu zile punje zilizobaki kwenye mkeka tukasema zako bibi, akakataa, tukamlazimisha. Mimi nilibeba ndoo yangu ya mchele ndani nikaifunika, nikatoka, nikarudi kuifunua tena, baba yako ananicheka. Toka hapo tukaendelea, mchele, maharage, nyanya tukawa tunafuata tenga Shimoni Kariakoo alfajiri, tunagawana, na lile duka la kona mimi sikukanyaga tena mpaka tunahama. Ada yako ya sekondari, ile elfu ishirini ya mwaka, na michango yao mingi kuliko ada yenyewe, ilitoka kwenye kopo la namna hiyohiyo.

Kwa hiyo siyo kwamba baba yako alikuwa na mshahara wa kutosha. Hakuwa nao. Ni vile tuliacha kupima. Kupima kunamaliza nyumba.

Najua nyie huko hamna uani. Mna geti na ukuta na jirani unamjua kwa gari lake. Hapo nakubali kuna ugumu, sisi tulibanana na kubanana kulitusaidia, mtu anaona kabisa jirani yake leo moto haujawaka. Lakini mnayo hiyo grupu yenu ya WhatsApp ya mtaa, naona mnatumiana picha za maua na salamu za asubuhi, mnashindwa nini watu watatu mkaamua gunia moja? Au mtaoneana aibu? Pengine ndo wakati wenyewe umebadilika, sijui. Hapana, aibu haijabadilika, tungeona aibu na sisi.

Na kuna kitu umekisema harakaharaka mwisho wa voisi ukadhani sijasikia. Umekopa kwenye simu, "kidogo tu mama, mpaka mwisho wa mwezi." Rehema. Hilo ni daftari lilelile. Na hizi programu nyingine ukichelewa zinawatumia meseji watu wote walioko kwenye simu yako, mkweo, bosi wako, shehe wa msikiti, kwamba huyu anadaiwa. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ndefu ya hizo zisizo na leseni, kaitafute uangalie kama yako imo. Hata kama haimo, lipa kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya king'amuzi, kabla ya kunitumia mimi. Mwezi huu usinitumie. Sitaki ubishi. Mimi niliposomewa lile daftari walikuwa watu wa chini ya bati moja tu, na nimebaki nao kifuani miaka yote hii, wewe una namba za watu wangapi humo ndani?

Haya, la gari. Nimesema siingilii. Baba Ilham analipenda na mwanamume akishazoea usukani ukimshusha anajiona kapungua, hilo nalielewa, na mwendokasi wa asubuhi naujua, watu wanaingia mpaka madirishani, mtu anashuka Posta shati limekunjamana kama hajapiga pasi. Na siku Ilham aliyoumwa usiku gari lilisaidia. Lakini nyumba yenu mpaka kituo cha Korogwe ni kutembea tu, na mafuta ya kutoka Kimara hadi Posta na kurudi, na foleni ya Ubungo, na maegesho, na fundi kila mwezi... nanyamaza. Mimi sijasema muuze. Nimesema tu muandike, mwezi mmoja, kila linachokula hilo gari, kwenye karatasi moja, halafu muiangalie wote wawili mkiwa mmeshiba. Mkiiangalia mkaona linafaa, linafaa, mimi nani.

Jumamosi njoo na ndoo mbili zenye mifuniko, jirani yangu hapa kaletewa mchele wa Kyela na nimeshamwambia anitengee, bei nzuri, tutagawana mimi na wewe na mama Zuhura. Njoo kabla ya saa nne. Na baba Ilham mwambie anipigie, nina neno nataka kumuuliza.

Mama yako