Jumapili ikinikuta Kampala

SWALI: Dada, mimi ni dereva wa lori kutoka Mombasa. Jumapili nyingine hunikuta Kampala nikisubiri kushusha mzigo. Ni Mwanglikana, Kiganda sikijui. Naweza kuingia kanisani hivi hivi tu? – Dereva, Changamwe

JIBU: Ingia, kaka. Panda kilima cha Namirembe, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, lile la matofali mekundu. Kuna ibada za Kiingereza na za Kiganda. Saa zake muulize mhudumu mlangoni. Hata ukiangukia ya Kiganda, utaratibu ni ule ule uliouzoea.

Wageni huwa wanasimamishwa wakati wa matangazo. Taja jina na utokako, ukae. Hotuba ya nini?

Kwenye sadaka, usishangae mtu akija na mkungu wa matoke au kuku aliyefungwa miguu, hasa makanisa ya nje ya mji. Ibada ikiisha hupigwa mnada uani, na hapo ndipo mimi huchelewa kurudi nyumbani. Nunua ukitaka, ila badilisha pesa mapema.

Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, lori usilisogeze Namugongo, wanakokumbukwa. Mahujaji hujaa barabarani, wengine wametembea kutoka kwenu Kenya.