Jibu: Mjomba ana kansa ya ini, kuna jamaa anauza "dawa ya kuondoa methilesheni", kuna ukweli hapo?

Mkuu pole sana kwa mjomba. Nimesoma uzi wako na majibu yote ya chini, nikaona bora nijibu kwa urefu maana kuna watu humu wanachanganya mambo. Kwa faida ya wanaoingia sasa: mjomba wake jamaa kakutwa na kansa ya ini, kwenye simu akakuta makala inayosema jeni fulani ikiwa na methilesheni kubwa basi seli za kinga zinazoingia kwenye uvimbe zinakuwa chache na mgonjwa haishi muda mrefu, halafu kuna mtu Kariakoo anamuuzia unga wa laki tatu na nusu eti unaondoa hiyo methilesheni. Anauliza pia kama kipimo chake kinapatikana Dar.

Mimi nipo maabara ya histolojia hapahapa Dar. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa kinaletwa kwetu kwenye fomalini, tunakizamisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya kuvutia sigara na kuvipaka rangi, patholojisti anasoma. Siyo daktari, na siyo mtafiti, ila hivi vitu naviona kila wiki. Na baba mdogo aliondoka na kansa hiihii kwa hiyo upande wa ndugu wa mgonjwa naujua pia.

Tuanze na methilesheni. Ni kitu cha kawaida kabisa, unayo hapo ulipokaa. DNA ina herufi nne, A, T, C na G, na pale C inapofuatwa na G mwili huwa unaibandikia hiyo C kikundi kidogo cha kemikali, kaboni moja na haidrojeni tatu, basi. Herufi yenyewe haibadiliki, ila vibandiko vikijaa mwanzoni mwa jeni, ile jeni inanyamaza, haisomwi. Hiyo ni moja ya njia zinazofanya seli ya ini na seli ya ngozi ziwe na DNA ileile lakini kila moja ifanye kazi yake. Kwenye kansa ya ini mpangilio unavurugika pande mbili kwa mpigo, DNA kwa ujumla inapoteza vibandiko, wakati huohuo sehemu chache zilizotakiwa kuwa wazi zinabandikwa kupita kiasi. Jeni kama CDKN2A inayozuia seli kugawanyika hovyo, na RASSF1A, zinakutwa zimezimwa hivyo kwa wagonjwa wengi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "tunaondoa methilesheni" muulize ipi, maana ukifuta tu kila mahali utaamsha na zilizotakiwa zilale. Na dawa za kweli za kupunguza methilesheni zipo mkuu, azasitidini na desitabini, Marekani waliziidhinisha 2004 na 2006, lakini ni za magonjwa ya uboho na damu, zinatolewa hospitali chini ya uangalizi kwa sababu zinashusha chembe za damu, na kwa kansa ya ini siyo tiba ya kawaida. Unga wa Kariakoo haumo humo. Tena ini la mgonjwa wa kansa mara nyingi limeshachoka, dawa yoyote ya kienyeji isiyojulikana ndani ina nini inaenda kusagwa na ini hilohilo.

Sasa kinga, hapa ndipo penye utamu. Ukiweka slaidi ya kansa ya ini chini ya hadubini, seli za kansa unaziona kubwa, za pinki, zimepangana kwa minofu minene, viini vyake vikubwa vya zambarau havilingani. Limfosaiti, yaani seli za kinga zenyewe, ni vidoti vidogo vya bluu iliyokolea, duara, karibu chote ni kiini. Kuna slaidi unakuta vidoti vimejaa mpaka katikati ya uvimbe, vimejipenyeza kati ya seli na seli. Kuna nyingine vimejipanga pembezoni tu kwenye ule ukuta wa makovu, yaani mstari mzima wa bluu, ndani hakuna hata kimoja. Na kuna nyingine ni jangwa, unasogeza slaidi huku na huku hamna kitu. Hizo tatu ukizihesabu kwa wastani mbili za kwanza zinaweza kutoa namba zinazokaribiana, wakati hali zake ni tofauti kabisa! Hili liweke akilini, tunalirudia.

Halafu kuwepo siyo kufanya kazi. Ini lenyewe kwa asili ni kiungo cha kuvumilia, karibu robo tatu ya damu yake inatoka utumboni kupitia mshipa mkubwa unaoleta chakula na takataka za bakteria kila siku, lingekuwa linapigana na kila kitu tungekuwa tunaumwa mfululizo. Ongeza homa ya ini B iliyokaa miaka na miaka, seli T, yaani limfosaiti wanaoua seli mbovu, zinachoka, zinaota kitufe kinaitwa PD-1 juu yake ambacho uvimbe unakibonyeza na zinatulia. Tasuku Honjo wa Japani ndiye aliyegundua PD-1, James Allison wa Marekani akafanyia kazi kitufe kingine, CTLA-4, wakapewa Nobel 2018. Na wapo seli T wa aina ya kutuliza wenzao, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, walioasi na kuhamia upande wa uvimbe. Kwa hiyo "seli za kinga nyingi" bila kusema zipi na ziko wapi ni habari nusu.

Kuhusu makala uliyosoma. Nimeifungua, ni ya aina ileile ambayo zipo kwa mamia. Wanachukua data za TCGA, ule mradi wa Marekani, ambao ripoti yao kubwa ya kansa ya ini ya 2017 ilikuwa na wagonjwa 363, methilesheni inapimwa kwa chipu yenye sehemu zaidi ya 450,000 za DNA, halafu programu inakadiria seli za kinga zilikuwa asilimia ngapi, mwisho wanatafuta jeni gani inapanda au kushuka pamoja na hizo seli. Ukiwa na sehemu laki nne na nusu lazima upate zinazoendana, hata kwa bahati tu, ndiyo maana wenye umakini wanasahihisha takwimu na kujaribu tena kwa kundi lingine la wagonjwa. Wengine wala hawahangaiki.

Tatizo kubwa kwangu mimi niliyezoea slaidi ni hili. Kile kinyama kilisagwa chote, kwa hiyo zile slaidi tatu nilizokwambia huwezi kuzitofautisha tena, hujui vidoti vilikuwa katikati au pembezoni. Ni kama juisi ya mchanganyiko, umeshaweka parachichi, embe na pasheni kwenye blenda, huwezi kuonja halafu ukasema embe lenyewe lilikuwa chachu. Limfosaiti ana mpangilio wake wa methilesheni, seli ya ini ana wake. Uvimbe ukiwa na limfosaiti wengi, kipimo cha kinyama kizima lazima kisogee kuelekea mpangilio wa limfosaiti, hata kama seli za kansa hazijabadilika chochote. Kwa hiyo "methilesheni ndogo inaendana na kinga nyingi" inaweza kumaanisha tu kwamba kinga zilikuwa nyingi, yaani umepima kitu kilekile mara mbili ukashangaa vinafanana. Wapo wanaofanya kazi ya maana, wanatenganisha seli kwanza au wanapima seli mojamoja, na hao wakisema uvimbe umezima jeni za ishara zinazoita seli T, mimi nawasikiliza. Ila ukiona makala haijagusa hata slaidi moja, isome kwa kituo.

Na lingine, kwenye hizo data wengi ni wazungu na Waasia, weusi wachache sana. Wakati huku kwetu mzigo ni homa ya ini B na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara, watu karibu 20 walifariki kwa sumukuvu. Hiyo ni ya kuua haraka, ile ya kidogokidogo kila siku inaharibu jeni ya TP53, moja ya zinazozuia kansa, mahali palepale, herufi tatu zinazoitwa kodoni ya 249, na ikikutana na kirusi cha B ndiyo balaa. Kansa ya aina hiyo inaweza isifanane na ya mtu wa Houston mwenye ini la mafuta.

Kwa mjomba sasa. Hicho kipimo cha methilesheni usikitafute, hata ungekipata hakuna daktari atakayebadilisha dawa kwa ajili yake. Kansa ya ini mara nyingi inajulikana kwa CT scan ya kuchomwa dawa mshipani bila hata kukata kinyama, pamoja na AFP, protini inayopanda kwenye damu ya wengi wenye kansa hii, japo wapo wenye kansa na AFP yao ni ya kawaida. Muulize daktari hivi: ini limebaki na nguvu kiasi gani, yaani daraja la Child-Pugh ni A (zuri), B au C (baya)? Uvimbe ni mmoja au mingi, umeingia kwenye mshipa? Kipimo cha homa ya ini B kimesemaje, na kama yupo chanya ameanzishiwa tenofovir? Ni dawa ileile inayotumika pia kwa VVU. Baba mdogo tulihangaika na mitishamba kwanza kwa shinikizo la ndugu, tulipofika kwa wataalamu maji yalishajaa tumboni, ni C tayari, na hapo tiba nyingi zinafungwa.

Kuna waliouliza kuhusu dawa za kuamsha kinga. Zipo kweli, mchanganyiko wa atezolizumab na bevacizumab ulioidhinishwa Marekani 2020 uliishinda sorafenib, dawa iliyokuwa ikitumika kabla yake, uvimbe ulipungua kwa kama watu 3 kati ya 10. Ila waliojaribiwa walikuwa na Child-Pugh A, lazima waangaliwe kwanza mishipa ya koo la chakula isije ikapasuka, na bei yake usiulize ukiwa umesimama. Hata huko hawachagui mgonjwa kwa methilesheni.

Ile laki tatu na nusu, wapeleke watoto wa mjomba na mama yao wakapime homa ya ini B, kipimo cha haraka ni tone la damu tu. Watoto wetu wanapata chanjo kwenye ratiba tangu 2002, waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana. Atakayekutwa negativu achanje, atakayekutwa nayo aanze kliniki na ultrasaundi kila miezi sita. Na zile karanga zinazokuja na gunia kutoka kijijini, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, msiwape hata kuku.

Ukipata ripoti ya CT iweke hapa, ficha jina na namba ya faili, kuna madaktari humu watakusomea vizuri kuliko mimi.