Riwaya ya kurithi mikoba ya bibi

SWALI: Anti shikamoo. Binti yangu ana miaka 12, vile vitabu saba vya shule ya wachawi ya Uingereza kavimaliza vyote, juzi kaniuliza mama kwani huku Afrika wachawi wanasoma wapi? Nikacheka ila swali limenikaa. Natafuta riwaya ambayo uchawi uko kwenye ukoo, bibi kamwachia mjukuu, tusome wote wawili. Shida mama mkwe anakaa na sisi na ni mlokole kwelikweli. (Mama wa Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtafutie Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ilitoka 2011. Huyu mama kazaliwa Marekani ila wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria, na hadithi yenyewe iko Aba, Nigeria, siyo kwenye makasri ya watu. Kuna toleo lingine linaitwa What Sunny Saw in the Flames, ni kitabu kilekile, usije ukanunua mara mbili kama mimi.

Sunny ana miaka 12 kama huyo wako, kazaliwa New York akarudishwa Aba, ana ualbino, anapenda mpira kufa ila jua halimruhusu so anacheza usiku na kaka zake. Anagundua ana nguvu, na zimetoka kwa bibi yake mzaa mama, yule ambaye nyumbani hatajwi. Mi hapo ndo kiliponishika, yaani Sunny akimuuliza mama yake habari za bibi, mama anafunga mdomo, na sisi wote tunayo hiyo familia, kuna bibi ana picha moja tu ukutani na ukiuliza unaambiwa nenda kaoshe vyombo. Kurithi mikoba ya mtu ambaye hata hujaambiwa alikuwa nani, hiyo ndo riwaya yenyewe, majini na mapambano ni mboga tu.

Na uchawi wake umenifurahisha. Rafiki yake Chichi anaishi na mama yake kwenye kibanda cha udongo kimejaa vitabu mpaka pa kukaa shida, na hao ndo wazito! Kwenye hiyo jamii yao ukijifunza kitu cha maana pesa zinadondoka toka juu, vijiti vya chuma vilivyopinda, klang klang miguuni kwako. Mwanangu alivyosoma hapo akafunga kitabu akaangalia dari.

Sasa la kukuambia ukweli. Kuna muuaji anateka watoto, si mchezo, kwa hiyo tangulia wewe kusoma. Halafu hilo la ualbino, hapa kwetu Tanzania watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, binti yako lazima keshasikia. Wapo watakaosema kumpa mhusika mwenye ualbino nguvu za ajabu ni kuchochea mambo yaleyale. Mi nimeisoma naona kinyume, nguvu ya Sunny ni ya Sunny, hakuna kiungo chake kinachogeuzwa dawa ya utajiri, na yeye ndo anayemwendea muuaji. Ila hapo msimwachie asome peke yake chumbani, kaeni muongee.

Kiingereza chake chepesi, atakiweza. Akinogewa kuna Akata Warrior ya 2017 na Akata Woman ya 2022. Wewe mwenyewe ukitaka ya kikubwa, wanawake wa ukoo mmoja Massachusetts ambao mji mzima unawalaumu kwa kila baya linalotokea, tafuta Practical Magic ya Alice Hoffman, 1995, ila hiyo iweke juu ya kabati.

Mama mkwe akiuliza mnasoma nini mwambie ni kitabu cha mtoto anayecheza mpira. Hujadanganya.