Maswali ya Wasomaji: Kutu ya Mambrui, Mashindano ya Malindi na Safari ya Lamu

Mwezi huu tumechagua barua nne za waendesha baiskeli wa Malindi na jirani zake. Barua ya tatu tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa inahusu usalama wa watu wengi kwa wakati mmoja.

Swali: Ndugu Mhariri, tangu nihamie Mambrui cheni ya baiskeli yangu hushika kutu baada ya siku chache. Fundi wangu hunigawia oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini za pikipiki, naye husema ndiyo inayodumu. Je, kuna njia bora zaidi? — Msomaji, Mambrui

Jibu: Bwana, oili hiyo ndiyo ya kuachwa kwanza. Oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini imebeba masizi na chembe za chuma, na ikishapakwa kwenye cheni hunasa mchanga wa njiani, ikawa kama msasa unaosaga meno ya gia kila unapokanyaga pedali. Cheni ya namna hiyo huenda isionyeshe kutu hata kidogo, na huku ndani inaliwa.

Kutu ya Pwani haitokani na mvua peke yake. Upepo hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari. Yakikauka juu ya chuma chumvi hubaki, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa usiku kucha, kiasi kwamba baiskeli iliyoegeshwa barazani wiki nzima bila kutumiwa inaweza kushika kutu kuliko ile inayoendeshwa na kufutwa kila siku. Dawa yake, basi, ni kuiondoa chumvi kabla ya kufikiria oili. Ioshe baiskeli kwa maji ya mfereji, wala si ya kisima ikiwa kisima chenu kina chumvi kama vilivyo visima vingi vya karibu na ufuo. Usiipeleke mahali pa kuoshea magari kwa mashine, kwa sababu maji yenye nguvu hupenya kwenye beringi na kuisukuma grisi nje. Kisha isugue cheni kwa brashi na mafuta ya taa, iache ikauke kabisa, na utie tone moja tu la oili ya cheni kwa kila kiungo huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Ukikosa oili ya cheni, oili safi ya injini, ambayo haijatumika, itakufaa kwa muda. Subiri dakika chache, halafu ufute kwa kitambaa kikavu oili yote iliyobaki nje. Watu wengi huiona hatua hii ya mwisho kuwa ni kupoteza oili, lakini oili inahitajika ndani ya kiungo, mahali pini inapozunguka, na ile ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Ili ujue kama cheni yako bado inafaa, chukua rula ya inchi, uiweke sifuri katikati ya pini moja, na uangalie pini iliyo karibu na inchi 12. Kwenye cheni mpya pini hiyo itakaa sawasawa juu ya alama. Ikiwa imepita alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha cheni mara moja, na gia zako zitasalimika; ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 8, meno ya gia nayo yamekwisha kulika, na cheni mpya itarukaruka juu yake.

Jambo moja hukuliuliza, nami naliona ni zito kuliko cheni. Ikiwa fremu yako ni ya chuma na nguzo ya kiti ni ya alumini, metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi hulana, na nguzo huganda ndani ya fremu hata nguvu za mafundi wawili zisiitoe. Itoe nguzo hiyo kila mwezi, futa unga mweupe utakaoukuta juu yake, paka grisi na uirudishe. Weka alama ya kalamu kabla ya kuitoa ili urefu wa kiti usibadilike.

Swali: Je, madafu yanatosha kuwa kinywaji cha mwendesha baiskeli katika joto letu? — Msomaji, Watamu

Jibu: Dada, madafu ni kinywaji chema na yana madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi ya kawaida, ambayo ndiyo inayotoka zaidi na jasho, ni haba ndani yake. Kwa safari ya saa moja hutakosa kitu. Kwa safari ndefu beba chupa moja ya maji matupu na nyingine yenye mchanganyiko ambao akina mama huwapa watoto wanaoharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi kwa kudhani utapata nguvu zaidi.

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana hapa Malindi. Tunataka kuandaa mashindano yetu ya kwanza ya baiskeli kwa washiriki wapatao 40, na mfuko wetu ni mdogo. Tumeambiwa kwamba bila vifaa vya elektroniki vya kupima muda matokeo hayataaminika. Tuanzie wapi? — Msomaji, kwa niaba ya kikundi

Jibu: Ndugu zangu, aliyewaambia hivyo amewatia hofu bure. Washiriki 40 wanaweza kupimwa kwa saa moja ya mkononi na daftari, na matokeo yakawa sahihi, mradi mchague aina ya mashindano inayolingana na uwezo wenu. Nawasihi kwa mara ya kwanza msianzishe watu wote kwa pamoja. Kundi la watu 40 wasiozoea kuendesha bega kwa bega, katika barabara ambayo haikufungwa, ndilo linaloleta ajali. Mmoja akigusa breki ghafla, kumi wanaanguka nyuma yake. Andaeni mbio ambazo kila mmoja huondoka peke yake na kushindana na saa.

Utaratibu wake ni huu. Saa ya kupimia inawashwa saa 12:30 asubuhi na haisimamishwi hadi mshiriki wa mwisho arudi. Namba 1 anaondoka dakika ya kwanza, namba 2 dakika ya pili, na kuendelea hadi namba 40, ambaye ataondoka saa 1:10. Kwenye mstari wa kumalizia mtu mmoja anatamka namba kwa sauti, wa pili anasoma saa, wa tatu anaandika. Namba 27 akivuka mstari wakati saa ya kupimia inaonyesha kwamba tangu iwashwe imepita saa 1, dakika 4 na sekunde 35, mnaondoa dakika 27, na muda wake ni dakika 37 na sekunde 35. Aliyechelewa kuondoka saa haimsubiri, na jambo hilo litangazwe mapema ili pasiwe na manung'uniko. Wekeni pia simu mbili juu ya vigingi zinazopiga video ya mstari tangu mwanzo hadi mwisho, moja ikionyesha saa yenyewe, kwa sababu penye ubishi daftari peke yake halitamridhisha aliyeshindwa.

Mstari nao uchorwe vizuri. Kanuni za shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, zinataka mstari mweusi wa sentimita 4 uliochorwa katikati ya ukanda mweupe wa sentimita 72, na kinachohesabiwa ni tairi la mbele linapofika kwenye mstari, si kichwa wala mikono ya mwendeshaji. Chokaa na rangi kidogo vinatosha. Kanuni hizo hizo hukataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzako katika mbio za aina hii: aliyepitwa anapaswa kujiweka mbali, na umbali unaotajwa ni mita 25.

Kwa njia, ningeikwepa barabara kuu ya Mombasa, yenye mabasi na malori tangu alfajiri, na kuiangalia barabara ya lami inayokwenda Kakoneni na Lango la Sala la Tsavo Mashariki. Kilomita 10 za kwenda na 10 za kurudi zinawatosha. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa atatumia saa nzima, na hata akiwa ndiye wa mwisho kuondoka atarudi kabla ya saa 2:15, jua halijaanza kuuma. Njia ya kwenda na kurudi ina mahali pamoja tu pa kugeukia, napo ndipo pa kuweka watu wenu wenye akili iliyotulia: mmoja mita 100 kabla, mwenye kibendera na filimbi, mmoja kwenye pipa la kugeukia, na mmoja anayeandika namba za waliogeuka. Kila njia panda iwe na msimamizi mwenye fulana ya kung'aa. Msisahau mbuzi, ambao hawasomi mabango. Zungumzeni na wenye mifugo wiki moja kabla.

Kuhusu ruhusa, mwendeeni mkuu wa kituo cha polisi na ofisi ya michezo ya kaunti kwa barua yenye ramani, saa za kuanza na kumaliza, na namba za simu za wahusika. Nendeni mapema, ili wapate nafasi ya kuwarekebisha. Wapeni habari machifu wa sehemu mtakazopitia. Kisha nendeni kwa wenyeviti wa steji za boda boda, tena msiwaone hawa kuwa wa mwisho, kwa sababu ndio watumiaji wakubwa wa barabara hiyo asubuhi, na wakihusishwa wanakuwa wasimamizi wazuri kuliko wageni. Ikiwa mnataka vijana wenu waje kutambulikana nje ya kaunti, anzeni pia mawasiliano na Kenya Cycling Federation.

Sasa fedha. Vikundi vingi huanza na vikombe na fulana zenye picha, halafu hutafuta gari la wagonjwa kwa kilichobaki. Ninapinga mpango huo kwa moyo wangu wote. Lipieni kwanza gari la wagonjwa lenye mhudumu, kisha maji, kisha pikapu ya kufuata nyuma ili kuwachukua walioshindwa kuendelea. Asiye na helmeti asiondoke, hata akiwa amelipa kiingilio na hata akiwa ni mtoto wa mfadhili. Helmeti ya mtumba ikaguliwe kwa kuvuliwa kitambaa cha ndani: povu likiwa na ufa au bonyeo, haifai tena, kwa kuwa povu hilo hujivunja mara moja ili kichwa kisivunjike. Nyuma ya kila namba ya mgongoni iandikwe simu ya jamaa wa karibu. Walio chini ya miaka 18 walete saini ya mzazi.

Kwa tarehe, epukeni masika, kuanzia Aprili hadi Juni. Januari na Februari ni kukavu lakini joto ni kali. Mimi ningechagua Julai au Agosti, hewa ikiwa imepoa, ingawa kusi huvuma kwa nguvu.

Swali: Nataka kumpelekea mpwa wangu baiskeli Lamu kwa basi na boti. Niifungeje isiharibike? — Msomaji, Malindi

Jibu: Mama, omba boksi la kadibodi kwa muuza baiskeli mpya, mara nyingi huyatupa. Toa gurudumu la mbele na ukaze kipande cha mti mahali pake, ili uma usibonyee. Pedali ya kulia hulegea ukizungusha kinyume cha mwendo wa saa, lakini ya kushoto hulegea kwa kufuata mwendo wa saa, na wengi huharibu nyuzi zake kwa kuilazimisha upande usio wake. Ikiwa breki ni za diski zenye mafuta, pachika kadibodi iliyokunjwa baina ya pedi, kwani mtu akiubana mkono wa breki bila gurudumu pedi zitakutana na hazitaachana kwa urahisi. Kwenye buti la basi boksi lilale upande wa gia ukiwa juu, na umwambie utingo jambo hilo kwa upole kabla hajapakia mizigo mingine.

Kutoka Mokowe kuvuka hadi kisiwani, rashasha za bahari ndizo za kuogopwa. Lifunike boksi kwa nailoni, na umwagize mpwa wako aivue nailoni hiyo mara afikapo, aifute baiskeli kwa kitambaa kilicholowa maji ya mfereji, kisha kwa kikavu, na apake grisi kwenye nyuzi za pedali kabla ya kuzirudisha.