UTV kula mafuta: kabla hujanunua kifaa chochote, pima lita kwa saa ya injini

Wakuu, salaam.

Mkuu aliyeuliza ana UTV (kigari cha kazi cha njia mbovu, watu wanakaa ubavu kwa ubavu) ya petroli, silinda mbili, injini ya cc 1000 hivi. Yake inampa kilomita 4 kwa lita, ya rafiki yake, toleo lilelile, inatoa 7. Anataka kujua aanze na kipi: plagi za iridiamu, chipu ya kubadili programu ya injini, au filta ya hewa ya mashindano. Nimefanya kazi na magari haya kwa miaka mingi, ya petroli na ya dizeli, kubeba maji, kusambaza nguzo za uzio, kuvuta tela. Ushauri wangu ni asinunue hata kimoja kwa sasa. Kilomita 4 na kilomita 7 zinaweza kutoka kwenye gari moja, wiki moja, kwa dereva yuleyule.

Tuwekane sawa kwanza kwenye namba, maana nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za Kimarekani. UTV za ukubwa huo kwa kawaida hutajwa kutoa maili 10 hadi 20 kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo ukitaka kilomita kwa lita zidisha kwa 0.425: maili 15 zinakuwa kama kilomita 6.4 kwa lita. Mwingereza akiandika maili kwa galoni, galoni yake ni lita 4.546, hapo zidisha kwa 0.354. Watu wanabishana kurasa nzima na kila mmoja ana galoni yake.

Sasa shida yenyewe. Kilomita kwa lita ni kipimo cha gari la barabarani. UTV ya kazi inaweza kushinda inaunguruma, inasogea hatua chache, inasimama, inavuta kitu kwenye tope, inasimama tena. Kilomita haziongezeki, mafuta yanaondoka. Injini ya petroli ya lita moja ikiunguruma tu bila kazi hula kama nusu lita kwa saa, au zaidi kidogo. Anayekagua uzio akiacha injini inawaka kila anaposhuka, saa tatu za namna hiyo ni lita moja na nusu. Kwa gari la kilomita 6 kwa lita, hizo ni kilomita 9 ambazo gurudumu halikuzunguka.

Kwa hiyo tumia mita ya saa za injini, ipo kwenye dashibodi ya karibu kila UTV. Tuseme gari la kwanza limekula lita 24 kwa saa 12 na kwenda kilomita 96. Hiyo ni kilomita 4 kwa lita, lita 2 kwa saa, mwendo wa wastani kilomita 8 kwa saa. La pili limekula lita 24 hizohizo kwa saa 6 na kwenda kilomita 168: kilomita 7 kwa lita, lita 4 kwa saa, wastani kilomita 28 kwa saa. Kwa saa moja, gari linalosifiwa linakula mara mbili ya lile linalolaumiwa. Hakuna gari bovu hapo, kuna kazi mbili tofauti. Mkuu, kabla hujamwonea wivu rafiki yako, gawanya kilomita zake kwa saa zake uone wastani wake wa mwendo. Kama haukaribiani na wako, mnalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kupima kwenyewe kunataka utaratibu kidogo. Jaza tangi mpaka alama uliyoichagua mwenyewe, gari likiwa mahali tambarare, palepale kila mara. Usipime ukiwa umetumia mafuta kidogo: ukikosea lita moja kwenye lita 10, jibu limepotoka kwa asilimia 10, ila kwenye lita 30 ni asilimia 3 hivi. Matangi ya UTV nyingi kubwa yako kati ya lita 30 na 45, kwa hiyo subiri lishuke hasa ndipo ujaze. Na umbali uchukue kwenye GPS ya simu kama umebadilisha matairi. Ukitoa tairi la inchi 27 ukaweka la inchi 30, mzunguko wake umeongezeka kwa asilimia 11. Odometa ikisema kilomita 100, umekwenda 111. Wapo wanaolia kwamba matairi makubwa yamewamaliza mafuta, na sehemu ya kilio hicho ni odometa inayosoma pungufu.

Sehemu ya kilio, sijasema yote. Tairi kubwa ni zito, na uzito wake uko mbali na ekseli, kila ukiondoka unalipia kuuzungusha. Pia linafanya gia zote kuwa ndefu, kama umepanda gia ya juu zaidi, na hapo tunaingia kwenye mkanda, ambao kwangu ndio mahali pa kwanza pa kutafuta mafuta yaliyopotea.

UTV nyingi zinatumia CVT ya mkanda, yaani mfumo unaobadili gia wenyewe bila hatua: puli ya mbele imefungwa kwenye injini, ina vyuma vya uzito na springi, puli ya nyuma imefungwa kwenye giabox. Mzunguko wa injini ukipanda, vyuma vinafunguka kwa nguvu ya mzunguko, vinabana puli ya mbele, mkanda unapanda juu na gari linapata gia ndefu. Sasa weka gari kwenye H (gia ya mwendo kasi; L ni ya polepole na yenye nguvu), pakia tela, nenda mwendo wa kutembea kwa mguu kwenye mlima. Puli haijabana sawasawa, mkanda unateleza kidogokidogo, na kila mtelezo ni joto. Joto hilo lilinunuliwa kituo cha mafuta. Fungua kifuniko cha mkanda cha gari linaloendeshwa hivyo: unga mweusi umejaa pembeni, harufu ya mpira ulioungua inakupiga usoni, na kuta za mkanda zimeng'aa na kuwa ngumu kiasi kwamba ukipitisha ukucha hauachi alama. Mkanda wa namna hiyo hata kwenye tambarare unaendelea kuteleza, na mwenye gari anaanza kutafuta plagi.

Dawa yake ni bure: L kwa kazi zote za polepole, za mzigo na za mlima, H ukishapata njia ya kukimbia. Dereva wengi wanaogopa L kwa sababu injini inapiga kelele zaidi, wanaona kelele ni mafuta. Kwa mwendo wa kutambaa na mzigo si kweli, injini inazunguka haraka lakini haikabwi, na mkanda umeshika. Kweli inakuja pale unapokimbia kilomita nyingi kwenye njia nzuri ukiwa bado kwenye L, huko unapoteza wazi. Baada ya kubadili mkanda, safisha puli zote mbili kwa kitambaa kisicho na grisi wala mafuta, na uendeshe taratibu mwanzoni ili mkanda mpya ukae.

Wanaofunga seti za vyuma vyepesi ili kurudisha nguvu baada ya kuweka matairi makubwa wajue wanachonunua. Vyuma vyepesi vinaiacha injini izunguke juu zaidi kabla mkanda haujapanda. Gari linaamka vizuri, mafuta yanaondoka zaidi kwenye safari ya kawaida.

Si kila UTV ina mkanda. Honda Pioneer 1000 inatumia giabox ya klachi mbili yenye gia za kweli, na Kubota RTV za dizeli zinaendeshwa kwa msukumo wa oili. Hiyo ya oili ni tamu mno kwa kuvuta na kuteremka milima, ila kwenye safari ndefu pampu inakula sehemu ya nguvu muda wote. Dizeli yenyewe inasaidia: lita moja ina nishati zaidi ya petroli kwa asilimia 10 na ushei, na injini yake inatumia mafuta vizuri zaidi, hasa ikiwa na kazi nyepesi au inaunguruma tu. Kama kazi zako nyingi ni za polepole na za saa nyingi, hapo dizeli inajilipa.

Baada ya mkanda, ardhi. Nguvu inayotakiwa kusukuma gurudumu kwenye udongo mgumu ni kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa gari. Kwenye mchanga laini inaweza kufika asilimia 20. Gari la kilo 900 na watu wake, kwenye njia ngumu unalisukuma kwa nguvu ya kilo 18 hadi 27. Kwenye mchanga, kilo 180. Hakuna chipu duniani itakayoziba pengo hilo. Kinachosaidia ni upepo wa matairi, na hapa ushauri wa kawaida wa kujaza upepo ili kuokoa mafuta ni nusu ya ukweli. Kwenye njia ngumu, ndiyo, tairi legevu linajikunja na kula mafuta, fuata kipimo cha kitabu cha gari. Kwenye mchanga na tope, tairi lenye upepo mwingi linazama na kuanza kuchimba, lililopunguzwa linakanyaga eneo pana na kuelea. Ukitoka mchangani ujaze tena. Nabeba pampu ndogo ya umeme na kipimo cha upepo cha shinikizo dogo, kwa sababu vile vya magari ya kawaida havisomi vizuri kwenye upepo mdogo wa UTV.

Fo-wili nayo inaonewa. Penye utelezi, magurudumu manne yanayoshika yanakula kidogo kuliko mawili yanayozunguka bure. Penye ugumu izime. Kinachokula kimyakimya ni difu ya nyuma iliyofungwa (lock), magurudumu mawili yakilazimika kuzunguka sawa: kila kona gurudumu moja linaburuzwa. Kama gari lako lina swichi ya kuifungua, ile ya kuendeshea kwenye nyasi, itumie kwenye njia ngumu zenye kona nyingi.

Mwendo una hesabu yake. UTV ina sura ya boksi, na upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 40 kwenda 60 kwa saa unazidisha kwa 2.25. Kwa kazi za shamba haikuhusu sana. Kwa wanaosafiri njia ndefu za wazi inawahusu kuliko kitu kingine chochote.

Uzito watu wanauogopa kuliko inavyostahili. Kupandisha kilo 900 mita 100 juu kunataka nishati ya kama megajuli 0.88. Lita ya petroli ina kama 32, na tukichukulia moja ya tano tu ndiyo inafika kwenye magurudumu, mlima huo unakula mililita 140. Ongeza mzigo wa kilo 200, umeongeza mililita 31. Sanduku la vifaa si adui yako, mkuu.

Breki, hapa nisikilize vizuri. Tope likikauka nyuma ya pedi, breki haiachii. Gari linakwenda, hulisikii, linajikaba lenyewe siku nzima. Endesha kama dakika 20 bila kugusa breki sana, simama taratibu, zunguka gari ukisogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kugusa. Matatu yatakuwa vuguvugu, moja litakutupia joto kabla hujafika. Hilo lipandishe kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Likizunguka kidogo na kusimama, toa kaliper, safisha pini zake mpaka zicheze. Kama linazunguka kwa kukwaruza, ni beringi. Nimewahi kumwona jirani amebadilisha nozeli zote kumbe kasoro ilikuwa pini moja iliyoota kutu.

Kuhusu vitu alivyotaja. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 magari ya kawaida yenye mfumo wa sindano (injection) unaoongozwa na kompyuta, ikakuta filta iliyoziba haipandishi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Inachopunguza ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Sababu ni kwamba kompyuta ikiona hewa kidogo inatoa mafuta kidogo. Za kabureta ni habari nyingine. Filta isafishe na kuibadilisha kwa ajili ya uhai wa injini, kwa sababu vumbi linasaga ringi na silinda, na ndiyo maana filta ya mashindano inayopitisha hewa nyingi siiamini kwenye njia ya vumbi. Plagi za iridiamu zinadumu, basi. Cha kuangalia ni joto la injini: themostati ikikwama wazi, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi na kuendelea kumwaga mafuta ya ziada. Injini ikichelewa sana kupata joto, anza hapo. Na petroli yenye ethanoli asilimia 10 ina nishati pungufu kwa asilimia 3 hivi, usishangae tofauti ndogo kati ya vituo.

Mkuu, fanya hivi: angalia joto la magurudumu leo, fungua kifuniko cha mkanda, kisha endesha matangi mawili matatu kama kawaida, ila uzime injini kila unaposhuka na utumie L kwenye kazi za polepole. Rudi na lita, saa za injini, kilomita za GPS, saizi ya matairi na aina ya ardhi, na mwombe rafiki yako naye alete zake. Kama lita kwa saa bado ziko juu na wastani wa mwendo ni mdogo, tutaingia kwenye sensa na mgandamizo wa mafuta.